Hewa Inayoingia Kushoto

Faila, fundi wa pili katika Baraka nzima,

Wa kwanza ni mimi, na hilo hata wewe hulibishi. Nimeanza hivyo ili ucheke kidogo, maana najua ukiona mama yako ameshika kalamu utafikiri kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Baba yako anakoroma hapa nyuma yangu kama injini iliyobaki na pistoni moja, wadogo zako wamelala, na Koko, kamyo ya mizigo ya mzee Lubunga, amesimama uani chini ya turubai lake. Asubuhi atakupandisha Fizi, kisha atakuteremsha mpaka Lulimba, kama Mungu na kabirateri watakubali.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya sweta, wala ya vijana wa machimboni. Shangazi zako wamesema hayo jioni nzima, wakatumalizia na samaki. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano, sina maneno ya kupoteza. Nataka kuandika juu ya kile tulichosikia leo mbele ya mzee Lubunga, mimi na wewe, tukanyamaza wote wawili.

Lakini lazima nianze nyuma kidogo. Wewe ulipopata akili ulinikuta nimekwisha kuwa fundi. Hukunikuta mjinga, na kuna mambo ya ujinga wangu ambayo nisingependa uyasikie kutoka kwa watu wengine, kwa sababu hawajui kuyasimulia vizuri.

Nilikuwa Mboko, msichana wa kuuza ndagala kando ya barabara. Koko alikuwa anapita pale akitoka Uvira. Tayari alikuwa kamyo mzee, tayari watu walimwita Koko, yaani babu, na kila alipofika mbele ya meza yangu alikuwa anazima. Watu wakaanza kusema kwamba dereva anamzima makusudi. Dereva ndiye huyu anayekoroma. Mpaka leo anakataa, na mpaka leo simwamini. Siku moja akafungua kabirateri, inayochanganya hewa na esansi, yaani petroli, pale pale njiani, na jigleri ikamponyoka. Unajua ilivyo ndogo, kile kipande cha shaba chenye tundu ambalo esansi yote ya gari inapitia. Ikaangukia katikati ya samaki wangu.

"Mama, samahani, iko kitu yangu mu samaki yako," akasema.

"Mimi siko mama yako. Na kitu ikiingia mu samaki yangu inakuwa samaki. Ununue."

Akanunua fungu zima. Tukaanza kupekua, na aliyeipata ni mimi. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vyake vilikuwa kama ndizi za kuchoma. Akaniomba niirudishe mahali pake, nikairudisha, Koko akawaka, na nikajua kwamba biashara ya samaki imenishinda. Wengine walidhani nimempenda dereva. Dereva alikuja baadaye. Kwanza nilipenda ile sauti.

Basi usidhani nilizaliwa na mikono hii. Mwaka wa kwanza wa ndoa jigleri iliziba. Baba yako akaniambia niipulize kwa mdomo tu. Mimi nikasema mdomo ni wa kulia chakula, fundi anatumia chombo. Nikachukua waya wa breki ya baiskeli nikalisugua lile tundu mpaka likang'aa. Nikaita majirani waje watazame mwanga unavyopita ndani yake! Kumbe mwanga ulipita vizuri kwa sababu tundu lilikuwa limepanuka. Koko akaanza kutoa moshi mweusi na kumaliza esansi bila haya.

"Bibi, kamyo iko nakunywa sawa vile shemeji yako ku ndoa," baba yako akalalamika.

"Ni weye unakanyaga sana. Muguu yako iko muzito."

Nilimsingizia mguu wake muda mrefu, Faila, mpaka akawa anaendesha bila viatu ili asikanyage kwa nguvu. Mwanaume mzima, peku, katika joto la injini ile, kwa sababu mke wake hakutaka kusema kwamba amekosea. Tundu la shaba likishapanuka halirudi. Ndiyo maana umeniona siku zote nikisafisha kwa njiti ya ufagio, ule uti wa jani la mugazi, mchikichi. Njiti isipopita unaloweka, unangoja, unapuliza kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo. Subira yangu ya kazi niliipata kwa nyayo za baba yako zilizoungua.

Kosa lingine ulikuwapo, mgongoni mwangu, ukinivuta nywele. Floteri ilikuwa imetoboka, lile kopo dogo linaloelea ndani ya esansi na kufunga mlango ikijaa. Nililitia ndani ya maji ya moto, nikaona mapovu yanapotokea, nikajua tundu liko wapi. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Lakini nilikuwa nimesikia wanaume wa garaji wakiambiana, "Tuache tuone kama kazi ya mwanamuke itafika paka Uvira." Nikayeyusha etaini, ile risasi ya kulehemu, nikaweka tone moja juu ya tundu. Lilitosha. Nikaweka la pili. Nikaweka la tatu, nikafunika upande mzima, ili asipatikane mtu wa kusema imevuja.

Haikuvuja. Ilizama. Kazi yake ilikuwa kuelea tu, na mimi kwa woga wangu nilikuwa nimeivalisha koti la chuma. Esansi ikafurika ikamwagikia injini, na kama Mungu asingetuhurumia tungeungua mimi na wewe. Wale wanaume walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nimeikumbuka sana floteri ile wiki hii, kila nilipoongeza kitu katika mzigo wako. Blanketi, sufuria, blanketi lingine, mfuko wa unga. Jana nimetoa nusu. Usiulize nimetoa nini. Utajua ukifika, na hutakufa.

Na la mlima unalijua, maana Baraka nzima haijaacha kulisimulia. Lakini wanalisimulia vibaya, kwa hiyo soma yangu. Nilikuwa nimetengeneza kabirateri kwa mara ya kwanza kutoka mwanzo mpaka mwisho, peke yangu, hapa kando ya ziwa. Koko alikuwa anaimba kama kwaya ya Pasaka. Nikavaa kitenge kipya, nikapanda mbele karibu na baba yako, nikawaambia bamama wa soko, "Leo mutaona! Tutafika Fizi mbele ya jua kuwa kali." Tulifika nusu ya mlima. Koko akaanza kukohoa, akatoa moshi, akafa. Baba yako akamwasha, akafa tena. Nilifungua kila kitu na sikukuta ubaya popote. Abiria wakashuka. Mama mmoja mwenye kuku akaniuliza kama kitenge changu na chenyewe kitapanda kwa miguu.

Tukiwa pale akapita mama wa Kinyamulenge, mtu wa juu milimani, akishuka na maziwa yake. Akasimama kututazama, akacheka, si kwa ubaya.

"Nyinyi bantu ba ku ziwa," akasema, "mukifika huku munahema kama mumefukuzwa. Na kamyo yenu vile vile. Hewa ya huku iko kidogo."

Akatugawia maziwa, akaendelea na njia yake. Nikabaki nimeshika kikombe. Hewa ya huku iko kidogo! Mimi nilikuwa nimepima esansi kwa hewa ya ziwani, nyingi, nzito, halafu nikampandisha Koko mahali ambapo hewa imepungua na esansi ni ile ile. Alikuwa anakabwa koo. Nikazungusha vis, ile skrubu ya kupimia esansi, kidogo, nikapunguza esansi, nikasikiliza, nikapunguza tena. Akawaka. Tuliingia Fizi jua limekwisha kuwa kali, na kitenge changu kilikuwa na mafuta mpaka magotini, lakini tuliingia.

Ile desturi ya kusimama nusu ya mlima ilitoka siku ile. Abiria wote wanashuka, wananyamaza, kuku wanafunikwa, na fundi anasikiliza Koko akipumua taratibu mpaka vis ipate mahali pake. Anayesema neno anakwenda kuchota maji ya radiateri. Hata pasta amekwisha kuchota. Niambie ni mwanamke gani mwingine, kutoka Mboko mpaka Lulimba, amewahi kunyamazisha kamyo nzima ya Wabembe! Wanasema ninajisifu. Nifanye nini? Nikikataa nitakuwa nimesema uongo, na uongo ni dhambi.

Sasa nirudi kwa leo.

Mzee Lubunga anampenda Koko kwa sababu ilikuwa gari ya baba yake, na ndiyo iliyowalea wote. Lakini tangu macho ya baba yako yakatae njia, Lubunga anaendesha mwenyewe, na anachoka. Ulimsikia alivyosema juu ya mazutu, hiyo dizeli yao, umesimama karibu nami:

"Mama Faila, kule Lulimba kila mutu iko na moteri ya mazutu. Mi peke yangu niko nasukuma kamyo ya esansi mu mulima kama mupumbafu. Kama kesho inazimika tena mbele ya Fizi, natosha inje hii moteri, natia ya mazutu, na mutoto wako atarudia huku na gari ya kwanza yenye kushuka. Lakini ikipanda, akae. Chumba iko kwa dada yangu, meza ya kazi iko, na pompe zote za kuvuta maji za bachimbaji zitaletwa kwake."

"Itapanda," nikasema.

"We unasema tu."

"Mi nasema, na nikisema ni vile."

Mwanzoni alinitaka mimi, hilo hujui. Alikuja wakati umekwenda sokoni, akaniomba nihamie kule na vyombo vyangu. Nikamwambia mimi nina jina langu hapa na siwezi kulibeba kichwani kwenda Lulimba, lakini nina mtu ambaye bado hajapata lake. Akauliza, "Ile kabinti?" Nikamwambia akuletee kazi ambayo mimi mwenyewe ingenitoa jasho. Ndipo akaleta lile gunia la kabirateri zilizokufa, ili moja itoke yenye uhai.

Na wewe ukaitoa. Nimekaa kwenye kigoda siku zile zote nikijifanya ninachambua mchele, lakini nilikuwa ninakutazama. Mwili wa kabirateri ulichukua kwa moja, papiyo, kile kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ukachukua kwa nyingine, jigleri ukazipima zote kwa njiti ukachagua isiyochezewa na waya. Ulipoona mhimili wa papiyo unacheza, kwamba yale matundu yanayoushika yamelika kwa miaka na hewa inaingia pembeni, hukuniuliza. Ulichukua robine ya zamani ya shaba, ile ya bomba la maji, ukakata, ukatoboa, ukapiga tupa polepole, ukatengeneza vipete viwili vya kuvalisha yale matundu. Mimi nilipofanya kazi hiyo mara ya kwanza niliharibu robine tatu na nikamtukana mtu. Wewe ulikuwa unaimba. Upande wa kulia uliufanya kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Upande wa kushoto Lubunga alikuja akasimama juu yako na ufunguo wa gari mkononi, "Fundi, jua linaenda, fundi, jua linaenda," na ukaharakisha.

Leo jioni ukamwasha. Kweli aliwaka vizuri, nisikunyime chako. Lakini akipumua taratibu alikuwa anapanda na kushuka kidogo, kama mtu anayetafuta neno. Ukachukua grisi kwa kidole, ukapaka kwenye mhimili upande wa kulia. Hakuna kilichobadilika. Ukapaka kushoto. Koko akatulia pale pale, kama mtoto aliyepewa ziwa.

"Eee! Sasa njo sauti!" Lubunga akapiga makofi. "Asubuhi tunapanda!"

Alidhani umemponya. Lakini mimi na wewe tunajua grisi ile ilikuwa ya kuuliza swali tu, na jibu lilikuwa limekuja: hewa inaingia kushoto, kipete hakijakaa. Na tunajua grisi inafanya nini injini ikipata joto. Itashika hapa tambarare. Itashika mwanzo wa mlima. Itayeyuka na kutiririka kabla hamjafika mahali pa kusimama, na pale, watu wote wamenyamaza wanamsikiliza Koko apumue taratibu, atakosa pumzi na kuzima.

Nilikutazama. Ulitazama kidole chako chenye grisi. Ukasema, "Sawa, patroni. Asubuhi."

Tangu wakati ule ninapigana na mikono yangu, Faila. Kazi yenyewe si kubwa kwangu. Kipete kingine, tupa, kusikiliza, kufunga. Jogoo angewika nimekwisha kunawa. Koko angepanda Fizi akiimba, Lubunga angekupa meza na chumba, na hakuna mtu angejua. Na wewe ungekaa Lulimba juu ya kazi ya mikono ambayo imebaki Baraka. Siku mchimbaji atakapokuletea pompe inayopumua pembeni, ungegeuka kunitafuta kwenye kigoda, na kigoda hakiko kule.

Nikasema basi nikuamshe nikuambie. Nimefika mpaka mlangoni kwako, nimesimama, nimerudi. Nikikuamsha nitakuwa nimekuambia kwamba siyaamini masikio yako. Na mimi ninayaamini, kwa sababu nimeyatengeneza mwenyewe na sijawahi kuharibu kazi kubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo nimekaa hapa ninaandika barua utakayoifungua baada ya mlima, ili mikono iwe na kazi. Nimeamua na sibadiliki, unanijua. Ukipanda na grisi, umechagua wewe. Koko akifa mlimani, utarudi na gari ya kwanza kama Lubunga alivyosema, na utakuta bukari, ugali wa moto, na sombe ya majani ya muhogo, na sitakuuliza swali hata moja. Ninadanganya. Nitakuuliza mengi, lakini baada ya kula. Halafu tutaanza upya, maana injini za esansi bado hazijaisha duniani. Nitawaambia bamama wa soko kwamba kosa ni la mlima, na atakayebisha atanijua mimi ni nani. Ila sitaki urudi. Nakuandikia wazi, mama yako hataki urudi wiki hii. Ninataka upate chumba kile, meza ile, na watu wakutafute kwa jina lako mpaka mimi nianze kuitwa mama wa yule fundi wa Lulimba. Nitalalamika sana siku hiyo. Usiniamini.

Na turnevisi yangu, bisibisi ya mkono wangu, sikupi. Nimeona unavyoitazama. Tengeneza yako, uivunje, utengeneze nyingine.

Ngoja.

Nimesikia mlango wako. Si mlango wa wadogo zako, ninaujua, una bawaba inayolia. Nyayo zako uani. Turubai limevutwa. Sasa boneti.

Baba yako ameamka. "Nani iko kule inje?"

"Fundi," nimemwambia.

"Fundi si weye uko hapa?"

"Lala, mume wangu."

Hakulala. Amekaa kitandani anasikiliza na mimi, kichwa kimeinama upande, kama zamani pale Mboko. Umewasha ile taa ya sola, mwanga unapita chini ya mlango. Unafungua vis moja moja, huna haraka, na mara hii hakuna mtu mwenye ufunguo mkononi. Sasa tupa. Tupa juu ya shaba. Unapiga, unaacha, unapima, unapiga. Baba yako ananinong'oneza, "Enda umusaidie mutoto." Nimemwambia akinigusa mgongo tena nitampiga na sandali. Machozi haya si ya huzuni, yeye ndiye hajui kutofautisha.

Tupa imenyamaza. Unarudisha kabirateri mahali pake, ninasikia spana inavyobana kwa zamu, kulia, kushoto, kulia, ili jwe, ile gasketi, ikae sawa. Bado kidogo utamwasha, na mimi nina masikio ambayo yangejua mara moja kama umepatia.

Kwa hiyo ninaifunga barua hii sasa hivi, kabla hujazungusha ufunguo. Ninakwenda nyuma ya nyumba kutwanga sombe, kwa nguvu, nisisikie chochote. Isije siku moja mtu akakuambia kwamba mama yako alingoja injini iwake ndipo akakuamini.

Mama yako.